Mtoto Mchanga Anapokosa Raha Baada ya Kunywa Maziwa ya Kopo

Mtoto wa wiki tatu amemaliza chupa yake, anakunja miguu hadi tumboni, uso unamwiva na analia mpaka sauti inakauka. Mzazi anaamini papo hapo kwamba maziwa yamemkataa, na kesho yake ananunua kopo la aina nyingine. Wasiwasi huo ni wa haki kabisa, lakini sisi tunaohudumia watoto wachanga tunaona kwamba mara nyingi maziwa yenyewe hayana kosa, na kubadilisha makopo kila baada ya siku chache kunafanya iwe vigumu kujua kinachomsumbua mtoto.

Utumbo wa mtoto mchanga bado unajifunza kazi. Misuli inayofunga mlango wa juu wa tumbo haijakaza, ndiyo maana watoto wengi hucheua maziwa kidogo baada ya kunywa, na mtoto anayecheua huku akiongezeka uzito na kuchangamka haumwi. Chango, yaani kilio cha muda mrefu kwa mtoto mwenye afya, nalo huwapata watoto wa maziwa ya mama na wa maziwa ya kopo vilevile: kilio huongezeka hadi kufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua na kwa kawaida huisha kati ya mwezi wa 3 na wa 4.

Kabla ya kulilaumu kopo, tunamwomba mzazi atutengenezee chupa mbele yetu, kwa sababu hapo ndipo majibu mengi hupatikana. Kijiko kilichojazwa kwa kilima, au unga ulioshindiliwa ndani yake, hufanya maziwa kuwa mazito kupita kiasi, na mtoto hupata choo kigumu na upungufu wa maji mwilini. Maziwa yaliyozimuliwa ili kopo lidumu humnyima mtoto lishe na yanaweza kuvuruga chumvi za mwili hadi akapata degedege. Maji hupimwa kwanza, kisha unga hufuata kwa kijiko cha kopo hilohilo, kikiwa kimesawazishwa kwa kitu safi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji yaliyochemka yatumike yangali na joto lisilopungua nyuzi 70 za Selsiasi, kwa kuwa unga wa maziwa haujaondolewa vijidudu vyote na unaweza kubeba vilivyo hatari. Baada ya hapo chupa hupozwa kabla ya mtoto kunywa, na maziwa yaliyokaa zaidi ya saa 2 bila kuwekwa kwenye jokofu humwagwa.

Namna ya kunywesha pia ina uzito wake. Mtoto ashikwe kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, chuchu ya chupa ijae maziwa ili asimeze hewa, apumzishwe katikati na kucheulishwa ili atoe hewa, wala asilazimishwe kumaliza kilichobaki.

Wapo watoto ambao kweli miili yao hupingana na protini ya maziwa ya ng'ombe, lakini ni wachache, hawazidi takriban 3 katika kila 100. Dalili zake ni kama hizi: damu au makamasi kwenye choo, kuharisha kusikokoma, kutapika sana, ukurutu sugu wa ngozi, na uzito usiopanda. Daktari anaweza kushauri maziwa maalumu ambayo protini yake imevunjwavunjwa, yajaribiwe kwa wiki 2 hadi 4, kisha yale ya awali yarudishwe chini ya uangalizi ili kuthibitisha. Maziwa ya mbuzi si suluhisho, maana protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Kutovumilia laktosi, yaani sukari ya maziwa, tangu kuzaliwa ni nadra sana; kunakoonekana zaidi ni kule kwa muda mfupi baada ya kuharisha.

Tunasihi pia mtoto asipewe asali kabla ya mwaka 1, wala dawa za mitishamba, wala uji ndani ya chupa.

Mpelekeni mtoto hospitali bila kusubiri kesho iwapo anatapika matapishi ya kijani au yenye damu, matapishi yake yanaruka mbali kila anapokunywa, tumbo limevimba na kukaza, anakataa kunyonya, analegea, utosi umebonyea, nepi zinakaa kavu kwa saa nyingi, au ana joto la nyuzi 38 na kuendelea akiwa chini ya miezi 3. Nendeni na kopo la maziwa, chupa yake na kadi ya kliniki, kwa kuwa mchoro wa uzito wake humsaidia sana daktari.