Salio la M-Pesa si daftari la biashara

Wauzaji wengi wa mtandaoni husema, "Mimi sihitaji daftari, taarifa ya M-Pesa inaonyesha kila kitu." Haionyeshi. Chukua gauni moja ulilonunua Kariakoo kwa 18,000 ukaliuza Instagram kwa 30,000. Simu inasoma 30,000 imeingia. Bodaboda kachukua 3,000, mfuko 500. Umebaki na 8,500, tena kabla ya makato ya kutoa pesa. Na mteja aliyechukua mawili kwa ahadi ya "nitakutumia jioni"? Hayumo kabisa kwenye simu. Ile 10,000 uliyotoa kununua unga wa nyumbani imo, lakini inafanana na matumizi ya biashara.

Andika siku hiyohiyo: bidhaa, bei ya kununua, bei ya kuuza, usafiri, nani anadaiwa. Daftari la shule linatosha.

Hata kodi inahusika. Kwa viwango vilivyowekwa Tanzania mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka alilipa 100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu kamili alilipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 30,000.