"Wakae tu mezani bila masharti": shikamoo ba'mdogo, lakini hapana

Juzi tena kwenye grupu la familia ba'mdogo katuma voisi ya dakika nne kuhusu Waisraeli na Wapalestina, mwisho wake ni ule ule, ati tatizo lao ni masharti, wangekaa tu mezani bila masharti wangeshamaliza zamani. Mimi nafundisha usuluhishi, hii sentensi nimeisikia kwa wanafunzi, kwa bodaboda, hadi kwa waheshimiwa wenye tai. Leo naandika ili nikiisikia tena niwe natuma linki tu, nimechoka.

Na wewe ba'mdogo ndo mshenga wetu wa ukoo! Ulivyoenda kumposea kaka ulienda mikono mitupu? Si kulikuwa na barua, na kishika uchumba ndani, afu kabla hamjafungua mdomo mkadaiwa hela ya kufungua mlango. Mahari yenyewe haijatajwa bado ila kazi kubwa ishafanyika pale kizingitini. Hayo ndo masharti ya awali.

Twende haraka. 1975 Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliwaahidi Waisraeli kwa maandishi kwamba Marekani haitaongea na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, mpaka kitambue haki ya Israel kuwepo na kikubali maazimio 242 na 338 ya Baraza la Usalama la UN. Sharti lilibana mpaka 1979 Andrew Young, balozi wa Marekani UN, akaachia kazi kwa sababu ya kukutana na mwakilishi wa PLO. Arafat, kiongozi wa PLO, alikuja kulitimiza Desemba 1988 Geneva, tena hotuba ya tarehe 13 Wamarekani wakasema maneno hayajanyooka, kesho yake akaita waandishi wa habari akayarudia yakiwa yamenyooka, siku hiyo hiyo Marekani ikafungua mlango wa kuongea na PLO. Miaka 13 kwa sentensi chache. (Hilo 242 nalo: Kiingereza kinataka majeshi yaondoke kwenye maeneo yaliyotekwa 1967 bila kile kineno ("the") cha kuonyesha ni yale yote, Kifaransa kinasomeka kama ni yote, na wamegombana tangu 1967. Nikilitafsiri darasani ugomvi unayeyuka, Kiswahili hakina hicho kineno kabisa.)

Sasa kinachonikera kuliko vyote ni neno "kutambua", watu wanalitupa tu kama vile ni kitu kimoja. Kutambua kwamba Israel ipo, hiyo hata mwenye ramani ya darasa la nne anaweza. Kutambua HAKI yake ya kuwepo ni bei nyingine. Kuitambua kama dola ya Wayahudi ni bei ya tatu, na hiyo Misri hawakudaiwa kwenye mkataba wa 1979 wala Jordan 1994. Soma zile barua za tarehe 9 Septemba 1993 pole pole: Arafat anaandika PLO inatambua haki ya dola ya Israel kuwepo kwa amani na usalama, Rabin, waziri mkuu wa Israel, anajibu kwamba Israel inaitambua PLO kuwa mwakilishi wa Wapalestina. Yani mmoja katambua dola, mwenzie katambua aliyekaa mbele yake. Ukiniambia pale walitambuana sawa kwa sawa nakurudisha ukasome tena.

Na hiyo "bila masharti" yako ina mwenyewe. Juni 2009 pale chuo kikuu cha Bar-Ilan, Netanyahu, waziri mkuu wa Israel, aliwaita Wapalestina waje waanze mara moja bila masharti, na kwenye hotuba hiyo hiyo akasema Jerusalem itabaki moja chini ya Israel, taifa lao lisiwe na jeshi, na waitambue Israel kama dola ya Wayahudi. Aliyeshika shamba siku zote anapenda kuanza bila masharti, maana mkiongea mwaka mzima yeye anaendelea kujenga.

Ila hapa nikiri. Abbas, rais wa Wapalestina, alidai ujenzi wa makazi ya Waisraeli kwenye Ukingo wa Magharibi usimame kwanza, Novemba 2009 Israel ikausimamisha miezi 10, Jerusalem Mashariki haimo. Mazungumzo ya ana kwa ana yakaanza tarehe 2 Septemba 2010 na muda wa kusimamisha ujenzi ukaisha tarehe 26 mwezi huo huo. Kuna mwaka nafundisha kwamba Abbas alichezea nafasi, mwaka unaofuata nafundisha kwamba alipewa sharti lililotobolewa makusudi, na siku hizi naingia darasani sijui nitaegemea wapi. Sharti la kweli na sharti la kupoteza muda yanafanana sura, huyatofautishi mpaka mtu alitimize.

Halafu hiyo meza nayo! Oktoba 2022 Lebanon na Israel wamegawana mpaka wa baharini, Rais Aoun wa Lebanon kasaini karatasi ya kwake ikulu ya Baabda, Lapid, waziri mkuu wa Israel wakati huo, kasaini ya kwake Jerusalem, zikakabidhiwa kituo cha UN Naqoura, kusini mwa Lebanon, mshenga Mmarekani. Kutambuana hamna, kukaa meza moja kusaini hamna.

Ba'mdogo naona ushasoma, tiki za bluu hizi hapa. Usinijibu kwa voisi.