Ndege za majini: tunayoyaamini, na yaliyotokea hapa kwetu kwenye Ziwa Tanganyika

Nilirudi kutoka Uingereza na picha nyingi za Makumbusho ya Fleet Air Arm, pale Yeovilton, ambako zimehifadhiwa ndege za jeshi la majini la nchi ile. Jumapili moja nyumbani Katuba, mjini Lubumbashi, baada ya bukari (ugali), simu yangu ilizunguka mikononi mwa ndugu mpaka betri ikaisha. Walisema mengi, na baadhi ya waliyoyasema nimeyasikia tena kwa majirani, kazini, hata kwa walimu. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika.

"Sisi watu wa Katanga hatuna bahari. Ndeke za majini zinatuhusu nini?"

Aliyeuliza ni mujomba, ambaye amefanya kazi miaka mingi kwenye reli ya Kabalo hadi Kalemie. Nilimwambia: mujomba, zilipita kwenye reli yako.

Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa wameshika upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, na meli yao kubwa, Graf von Götzen, ilikuwa Kigoma. Idara ya majini ya Uingereza iliwapa Wabelgiji, waliokuwa wakitawala Kongo, ndege nne za aina ya Short 827. Ni ndege ya watu wawili, rubani na mtazamaji, yenye injini ya Sunbeam ya nguvu farasi 150. Haina magurudumu, inakaa juu ya maboya. Kituo chake kiliwekwa Mtoa, kaskazini ya Kalemie ya leo. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mtazamaji wake Collignon walivuka ziwa na kuidondoshea Götzen mabomu bandarini Kigoma.

Basi anayesema historia ya ndege za majini ni ya Atlantiki na Pasifiki peke yake ameruka ukurasa mzima ulioandikwa Kongo, juu ya maji ambayo watu wa Kalemie wanavua ndagala kila usiku.

"Ziliruka zenyewe kutoka Ulaya."

Hapana. Ndege ya wakati ule haikuweza safari hiyo hata kidogo. Zilikuja zimefunguliwa vipande, ndani ya makasha: meli hadi mdomo wa mto Kongo, kisha reli, boti, reli tena, boti tena, mpaka Tanganyika. Kila palipokuwa na maporomoko, mzigo ulishushwa na kupakiwa upya. Mwaka mmoja kabla, Waingereza walipitisha boti zao mbili za vita, zilizoitwa "Mimi" na "Toutou", kwa njia ya kusini. Hizo zilifika kwa reli kupitia mji wetu, wakati ule Elisabethville, hadi Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu kupanda milima ya Mitumba, kwenye njia na madaraja yaliyojengwa kwa ajili yake.

Hapa nasema wazi linaloniuma. Majina ya marubani na makamanda yameandikwa vitabuni. Waliokata msitu, wakajenga madaraja na kubeba makasha walikuwa babu zetu, na majina yao huyaoni. Mtu akienda kwenye makumbusho yoyote ya aina hii, aulize mzigo ulifikaje. Ni swali halali kabisa.

"Maji yakitulia kama kioo, ndiyo ndege inapaa vizuri."

Dada yangu mdogo alisema hivi, na hata mimi niliamini hivyo kabla ya kusoma. Kumbe maji yaliyotulia mno huyashika maboya kutoka chini. Ndege inahitaji viwimbi vidogo ili hewa ipite na maboya yabanduke. Wakati wa kutua, uso usio na wimbi humfanya rubani asijue yuko juu kiasi gani. Mawimbi makubwa nayo ni hatari zaidi, maana yanavunja maboya na kupindua ndege, na Tanganyika likichafuka huwa ni kama bahari. Kwa sababu hiyo kituo kilihamishiwa kiziwa cha Tungwe, karibu na hapo, kilichokingwa na mawimbi. Ongeza kwamba ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, joto ni kali, injini inapoteza nguvu. Ndege iliyotengenezwa kwa baridi ya Uingereza ilipata taabu kubwa huku.

"Mabomu hayo ndiyo yaliyoizamisha Götzen."

Wajerumani waliizamisha wenyewe mwishoni mwa Julai 1916, walipoona Kigoma inawatoka, baada ya kupaka injini grisi nzito ili zisiharibike. Baadaye ilitolewa majini, ikatengenezwa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ndiyo ile ile ambayo wasafiri wa Tanganyika wanaijua.

"Vilivyomo makumbushoni ni sanamu tu."

Zipo nakala, ni kweli, na kibao huwa kinasema. Lakini pale Yeovilton nilisimama mbele ya Short 184, iliyobuniwa na kampuni ile ile ya Short iliyobuni ndege za Tanganyika. Imebaki sehemu ya mbele tu, imechakaa, haijapambwa. Ndiyo iliyoruka kwenye vita vya Jutland, vita vya meli katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 31 Mei 1916 kutafuta manowari za Wajerumani. Siku kumi baadaye, Behaeghe alikuwa juu ya Kigoma.

Pensacola, Florida, kwenye makumbusho ya jeshi la majini la Marekani, kuna ndege ya aina ya Dauntless iliyopigana vita vya Midway, katika Pasifiki, mwaka 1942 na kurudi na matundu 219 ya risasi. Baadaye ilitumika kufundishia marubani, ikaanguka Ziwa Michigan, ikakaa chini ya maji miaka hamsini hivi. Maji baridi yasiyo na chumvi yaliitunza.

"Ikitua kwenye meli, rubani anakanyaga breki."

Hapa tunasema ndege za magurudumu zinazotua kwenye meli za kubebea ndege. Breki isingetosha. Ndege hiyo ina kulabu mkiani inayonasa waya uliotandazwa sitahani. Na rubani wa jeti, magurudumu yakigusa tu, huongeza injini hadi mwisho badala ya kuipunguza, ili kulabu ikikosa waya aweze kupaa tena. Ukizuru, inama uitazame kulabu hiyo, kisha tazama bawaba za mabawa. Hukunjwa kwa sababu nafasi melini ni ndogo, wala si udhaifu.

Mujomba alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza rubani yule aliishia wapi. Behaeghe aliugua akafa tarehe 3 Desemba 1916, mahali panapoitwa Niemba.

"Niemba?" akasema. "Ile stesheni?"

Ndiyo, mujomba. Ile ile.