Woka haimfundishi mtoto kutembea
Mi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo vya watoto hapa Kigoma, na haipiti wiki bila mama kuniuliza, dokta mwanangu ana miezi tisa hajasimama dede, nimnunulie woka, kile kiti cha matairi cha mtoto? Hapana mama, usinunue.

Mtazame mtoto akiwa ndani ya ile kitu. Hakanyagi, anasukuma kwa ncha za vidole, kisigino kiko hewani, uzito kaubeba mkanda wa katikati ya mapaja na ile meza ya mbele inamziba hata miguu yake haioni. Sasa hapo anajifunza nini? Kutembea kunakuja kwa kutambaa, kuyumba, kuanguka kalio, kushika kochi na kujiinua tena, na woka inamnyima vyote hivyo, wengine ndo wanachelewa kabisa.

Ila kinachoninyima usingizi ni spidi. Mtoto kwenye woka anakwenda mita moja kwa sekunde moja, we bado unainuka kwenye mkeka yeye kashafika. Marekani, kuanzia 1990 hadi 2014, watoto zaidi ya 230,000 wa chini ya miezi 15 walipelekwa hospitali kwa majeraha ya woka, wengi wameumia kichwa au shingo baada ya kuporomoka ngazi. Kanada walipiga marufuku kuziuza 2004, hata za mtumba.

Utasema nyumba yangu haina ngazi. Haya, baraza je? Huku kwetu kwenye miteremko baraza ina vipandio vya saruji halafu chini mawe. Na jiko la mkaa liko chini, mkono wa mtoto unafika, juu yake mawese yanachemka. Kuna mtoto nilimhudumia alivuta sufuria ya chai, mama yake yuko hatua tatu tu anamwona. Ngozi ya mkono ilipopona ikajikunja ikavuta vidole ndani, tukawa tunanyoosha kidole kimoja kimoja kwa miezi, na yule mama kila akija anarudia, nilikuwa palepale dokta. Alikuwepo kweli, simlaumu hata kidogo.

Mtandikie mkeka mbali na jiko, mlaze kifudifudi akiwa macho, akianza kujivuta muwekee stuli nzito ashike. Akifika miezi 18 hatembei, mleteni tumwone, msingoje. Na kama woka unayo tayari usimpe jirani, ng'oa matairi kwanza ndo uitupe.