Faragha si siri

Faragha ni uwezo wa mtu kuamua nani amwone, nani ajue habari zake, kwa kiasi gani na kwa shughuli ipi. Maana ni hiyo, wala haina ugumu. Ugumu uko kwenye mazoea ya kulifanya neno hili kisawe cha siri, na mazoea hayo husikika zaidi picha za watoto zinapotumwa mitandaoni. "Mtoto anakata keki tu, kuna siri gani hapo?" Ni kweli, siri hakuna. Faragha ipo, tena tele.

Maneno haya yote mawili yametoka Kiarabu, ila kila moja limetoka kwenye mzizi wake. Siri ni *sirr*, jambo lililofichwa. Ndiyo maana siri hutunzwa, huvuja, hufichuka, na ikishajulikana imekwisha. Faragha inatokana na *faragh*: uwazi, nafasi isiyo na kitu ndani yake, na pia wakati usio na shughuli. Mzizi huu hauzungumzii kuficha hata kidogo, unazungumzia nafasi. Angalia tunavyolitumia neno lenyewe: watu huenda faragha, hukaa faragha, huzungumza faragha. Siri mtu huibeba; faragha huiingia. Anayeoga akiwa amefunga mlango hana siri, maana nyumba nzima inajua anaoga. Alicho nacho ni faragha, na atakayeusukuma mlango amemkosea hata kama hakuona jambo geni.

Ukishaishika tofauti hiyo, ile keki inaonekana vingine. Jina la mtoto majirani wanalijua. Shule yake inajulikana kwa sare. Siku aliyozaliwa mwalimu anayo na shangazi anayo. Hakuna siri hata moja. Lakini keki yenye mshumaa wa namba 7, picha ikitumwa siku ileile, imetaja tarehe kamili ya kuzaliwa, mwaka ukiwemo. Pongezi zilizoandikwa chini zinataja jina lake. Mjomba akipongeza, jina la ukoo wa mama nalo limepatikana, na zipo huduma ambazo bado hulitumia kama swali la usalama. Picha ya sare inataja shule. Picha tatu za getini, zote za saa ileile ya mchana, zinataja ratiba. Kila habari ilikuwa na watu wake na mahali pake. Sasa zote zimekaa pamoja mbele ya mtu ambaye hakuwa mmoja wa watu hao. Faragha imevunjwa na hakuna siri iliyofichuka.

Kosa hili limezaa la pili, la kudhani kwamba faragha ni kitufe. "Akaunti yangu ni ya faragha," mtu anasema, kisha anatuma lolote. Kitufe kile kinaamua nani aione picha kwanza. Itakakokwenda baadaye anaamua yule aliyeiona. Kundi moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu hadi 1,024, na kila mmoja ana makundi yake. Stetasi hutoweka baada ya saa 24, lakini haitoweki kwenye simu ya aliyeihifadhi. Picha ya kutazamwa mara moja humzuia mpokeaji kunakili skrini. Haimzuii kuipiga kwa simu nyingine. Mipangilio hii itumike, na orodha ya wanaoona stetasi ipitiwe jina kwa jina, kwa sababu mipangilio ya mwanzo humpa kila mtu uliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yako, akiwemo fundi uliyemwita mara moja. Ila tusiiite faragha. Ni mlango, na mlango si chumba.

Kuna pia yale ambayo picha hubeba bila kuonekana. Simu ikiruhusiwa kujua mahali ulipo, kamera huandika ndani ya faili nukta za mahali (namba zinazoonyesha picha ilipopigwa), saa na aina ya simu. WhatsApp huondoa nukta hizo picha inapotumwa kama picha. Ikitumwa kama dokumenti, njia ambayo wengi huichagua ili ubora usipungue, faili hufika na kila kitu ndani yake. Dawa ya kudumu ni kuinyima kamera ruhusa ya mahali kwenye mipangilio ya simu. Kwenye iPhone kuna jambo la ziada: picha hai (Live Photo) huhifadhi sekunde 1.5 kabla na 1.5 baada ya kubonyeza, pamoja na sauti. Sura inaweza kuwa nzuri na sauti ikawa inamwita mtoto kwa jina lake.

Wanaofunika uso wa mtoto wamefanya vyema, ila namna ya kufunika ina mambo yake. Rangi ya kalamu ya kuangazia hupenya; mtu akiongeza mwangaza, sura inarudi. Ukungu hafifu nao huacha umbo la uso. Funika kwa rangi nzito isiyopenya, kata pembeni nembo ya shule na namba ya nyumba, kisha nakili skrini na utume nakala hiyo, kwa sababu zana za kuhariri za baadhi ya simu huiweka picha ya awali ndani ya faili ileile. Mwaka 2023 iligundulika kwamba zana ya kuhariri ya simu za Pixel iliacha sehemu zilizokatwa zikiweza kurudishwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kusambaa zilibaki vilevile.

Basi faragha hii ni ya nani? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unampa mtoto mwenyewe. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unafanya hivyo katika kifungu cha 10, huku ukimwachia mzazi usimamizi wa kiasi. Usimamizi, si umiliki. Ufaransa mwaka 2024 ilipitisha sheria inayowataka wazazi wote wawili walinde kwa pamoja haki ya mtoto juu ya sura yake, na wamshirikishe kulingana na umri na upevu wake. Neno la kutumia hapa ni ridhaa, ndugu wa radhi na kuridhika, kwa hiyo kunyamaza si ridhaa, na kucheka mbele ya kamera si ridhaa ya kusambazwa. Kupiga picha ni swali moja, kuituma ni swali jingine. Mtoto wa miaka minne huweza kujibu la pili akionyeshwa picha na kutajiwa watakaoiona.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba picha ya mwanawe haina siri yoyote, mkubalie, huenda amesema kweli tupu. Kisha mwambie kwa upole kwamba ulikuwa unauliza habari ya faragha, na mwenye kuijibu ni yule aliye kwenye picha.