Ampli ikiunguruma, usikimbilie opampu

Kwenye meza za mafundi wa Kadutu, hapa Bukavu, ampli ikianza kuunguruma mteja huambiwa: "Opampu imekufa, tubadilishe." Aisi hiyo (kijisakiti ndani ya kipande kimoja) ndogo ya miguu minane, inayokuza sauti kabla haijafika hatua ya nguvu, huonewa sana.

Umeme wa nyumbani una mizunguko 50 kwa sekunde, na ukishapita kwenye dayodi, zinazoupitisha upande mmoja tu, mabaki yake huwa mizunguko 100. Mngurumo wa namna hiyo, mzito na usiokoma, mara nyingi hutoka kwenye kondensata kubwa za chujio, zinazolainisha umeme huo, zilizokauka au kuvimba. Pima kabla ya kushika chuma cha kulehemu. Ncha nyeusi ya multimeta iwe kwenye graundi (sehemu ya volti sifuri), muziki umezimwa. Kwa opampu pacha za kawaida, yaani mbili ndani ya aisi moja, mguu wa 8 ni volti chanya na wa 4 ni hasi, kwa mfano 15 kila upande. Mguu wa 1 na wa 7 ndiko sauti inakotokea. Hapo volti ziwe karibu na sifuri. Ukikuta mguu wa 1 umeganda kwenye volti 13, angalia kwanza mguu wa 4. Kama wenyewe unasoma sifuri, aliyekufa huenda ni regileta (kidhibiti cha volti) ya upande hasi, na opampu mpya nayo itaganda vilevile.

Wengine huamini kwamba opampu ya bei kali ndiyo yenye sauti tamu. NE5532, opampu pacha ya mwaka 1979, bado ni nzuri mno: sauti ya kilohezi 20 yenye kilele cha volti 10 huhitaji volti zipande kwa kasi ya 1.3 hivi kwa mikrosekunde, nayo hutoa 9. Opampu yenye mbio zaidi, bila kondensata ya nanofaradi 100 karibu na miguu yake, inaweza kutetema yenyewe na kuwa moto.

Kuingiana kwenye soketi si kufanana. NE5534 huingia kwenye soketi ya NE5532, lakini ina opampu moja tu ndani, si mbili.

Na maandishi ya mgongoni yasikutoshe, maana bandia ni nyingi. Pima mkondo ikiwa imetulia: NE5532 hula takriban miliampea 8, TL072, opampu pacha nyingine ya kawaida, karibu 3. "NE5532" inayokula 3, mrudishie muuzaji.