Kuishi na mwili mkubwa: maswali kuhusu kujikubali na kupata wenzako

Nikiukubali mwili wangu, si ndiyo nitakuwa nimeitupa afya yangu?

Hapana. Hofu hii ninaisikia mara nyingi, lakini mambo huenda kinyume chake. Anayeuonea haya mwili wake huahirisha kwenda kliniki, hukwepa kufanya mazoezi mbele za watu, na wengine hula kwa siri ili kutuliza uchungu. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja katika jarida la Nature Medicine wakitaka unyanyapaa wa uzito ukomeshwe, kwa kuwa unaumiza mwili na akili. Kujikubali ni kusema kwamba mwili huu wa leo unastahili kupimwa, kutibiwa, kulishwa kwa wakati na kuvikwa nguo inayoutosha, bila kungoja upungue kwanza. Mtu aliyejikubali anaweza kabisa kutumia dawa za kisukari, kutembea kila jioni, au kuzungumza na daktari kuhusu kupunguza uzito.

Mbona kila mtu anasema ni uvivu na ulafi?

Kwa sababu ni rahisi kusema. Uzito unatokana na mambo mengi: urithi, usingizi, msongo wa mawazo, aina ya chakula kinachopatikana, hata dawa kama prednisolone, insulini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Tena mtu akipungua, mwili wake hujitetea: homoni ya shibe, leptini, hushuka, na ile ya njaa, ghrelini, hupanda. Ndiyo maana wengi hupungua kisha wakarudi walikokuwa, wakajilaumu bure. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na unene uliokithiri. Hauko peke yako.

Wenzangu watanipa nini ambacho familia haiwezi kunipa?

Familia inaweza kukupenda sana na bado ikakuumiza kwa "jamani umezidi kunenepa" kila mnapokutana. Mwenzako mwenye mwili kama wako huna haja ya kumweleza kwa nini unatazama kiti kabla ya kukaa. Anajua kwamba mafuta ya mgando au kaptula nyepesi ndani ya gauni huzuia michubuko ya mapaja. Anajua pia la mkanda wa kupimia presha, na hili ningependa kila mtu alijue. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, husoma presha ya juu kuliko ilivyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa kwa watu wanaohitaji mkanda mkubwa kabisa, ule wa kawaida ulizidisha namba ya juu ya presha kwa karibu pointi 20. Hiyo inatosha mtu kuandikiwa dawa asiyoihitaji! Ukiona mkanda unabana sana au unafunguka wenyewe, sema: "Naomba mkanda mkubwa." Ukishamsikia mwenzako akisimulia alivyoomba, wewe nawe unapata ujasiri wa kuomba.

Nitakijuaje kikundi kizuri?

Anza na mtu mmoja tu unayemwamini, si lazima liwe kundi kubwa. Kikundi kizuri kinatunza siri, kinasikiliza kabla ya kushauri, na hakimdharau anayetaka kupungua wala asiyetaka. Ondoka haraka ukiona watu wanapimwa uzito hadharani, picha zinasambazwa bila ruhusa, mtu anauza vidonge au chai ya kupunguza tumbo, au mnaambiwa muache dawa za hospitali.

Nikienda na maumivu ya goti au kikohozi, naambiwa tu "punguza uzito". Nifanyeje?

Uliza kwa upole: "Mtu mwembamba mwenye dalili hizi mngempima nini?" Kisha omba upimwe hivyo hivyo. Andika dalili zako kwenye karatasi, na ukiweza nenda na mwenzako, maana mgonjwa aliyeaibishwa husahau nusu ya alichokuja kusema. Kuhusu BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu: hesabu yake ilibuniwa karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa akichunguza makundi ya watu. Inasaidia kama dokezo, lakini presha, sukari na mafuta kwenye damu havionekani kwenye mizani.

Je, ni lazima niupende mwili wangu?

Si lazima. Kwa wengi inatosha kuacha kuutukana. Ila kuna hali ambazo kikundi hakitoshi: ukijishindisha njaa, ukijitapisha, ukila kupita kiasi huku ukishindwa kujizuia, au ukiwaza kujidhuru. Hapo nenda kamwone mhudumu wa afya au mshauri wa saikolojia, na kwa mawazo ya kujidhuru usingoje kesho. Mwambie mmoja wa wenzako akusindikize.